Milango Minne Juu ya Reli

Jumamosi. Ukungu ulishuka mapema leo, na sasa mvua ndogo inagonga mabati bila haraka yoyote. Miguu inaniuma, mgongo unaniuma, na kovu la upasuaji linanivuta kidogo nikikaa vibaya. Lakini moyo umetulia. Tangu mtoto azaliwe, leo ndiyo mara ya kwanza ninashika simu bila kusinzia juu yake.

Wachache wanaosoma ukurasa huu wameniuliza kama niko salama, maana nilinyamaza ghafla.

Niko salama. Na leo nimerudi kwa miguu yangu mahali nilipopita nikiwa nimebebwa.

Kijiji chetu kiko mlimani, juu ya Karuba. Juu yetu tena, mahali ambapo sasa kuna mashamba ya viazi na mashimo yaliyojaa maji, zamani za Wabelgiji kulikuwa na mgodi. Madini yalishushwa kwa vigari vya chuma juu ya reli nyembamba iliyozunguka mlima mzima hadi chini, malori yalipokuwa yanangoja. Wazungu walipoondoka, mgodi ulifungwa na vigari vikaoza. Reli ziling'olewa kidogo kidogo. Kipande kimoja ndicho kengele ya shule ninapofundisha darasa la tatu. Kingine kinashikilia paa la kanisa. Na sijui jiko gani la huku halina kipande cha chuma kile chini ya sufuria.

Kilichobaki ni njia yenyewe: mstari uliochongwa ubavuni mwa mlima, umeota nyasi na miti midogo. Tunaiita njia ya reli, ila hatuipiti. Inazunguka mno. Mtu mwenye haraka anashuka kwa njia ya mkato, moja kwa moja hadi mtoni, akijishika na fimbo.

Miezi miwili iliyopita sikuwa mtu wa kushika fimbo.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nijifungue. Asubuhi ile niliamka nikakuta damu kabla hata sijasikia uchungu. Kaka yangu Deo alikimbia kumwita Mama Janeti, muuguzi wa kituo chetu cha afya. Aliniweka mikono tumboni, akaihamisha, akairudisha mahali pa kwanza. Uso wake ulibadilika kidogo tu, lakini mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kusoma nyuso.

"Mutoto amelala ubavu," alisema. "Na hii damu haiko ya kawaida. Hapa hatuna chumba ya kupasua. Ni hospitali ya Kirotshe, na ni sasa hivi."

Barabara ya kupanda kwetu ilikuwa imekatwa na maporomoko, pikipiki hazifiki. Deo akasema vijana wanishushe kwa njia ya mkato, kisha watafute gari Karuba. Mama Janeti alikataa kabla hajamaliza.

"Ule mutelemuko utamumaliza. Anapashwa kupita mahali sawasawa, bila kutikisika."

"Ku mulima huu, wapi kuko sawasawa?" Deo aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Baba yangu, Papa Mashauri, ni mtu anayeweza kula, kulima na kusali siku nzima bila kutoa maneno ya kujaza kikombe. Alisema tu, "Kuko njia moja. Tupite ku reli." Kisha akachukua panga akatoka.

Wakafunga kipoyi: miti miwili mirefu, blanketi katikati, wanaume wanne mabegani na wengine nyuma wa kupokezana. Mama yangu hayupo tena duniani. Mume wangu, Faustin, alikuwa Walikale, huko Omate, kwenye machimbo. Kazi yake si kuchimba. Ni kuweka miti ndani ya mashimo ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Nitaandika ukweli kama nilivyoahidi kuandika hapa: nilipolazwa kwenye blanketi lile nilimkasirikia sana. Nilijiambia, yeye anazuia mlima usiwaangukie watu wengine, na wangu je, nani anauzuia?

Mama Janeti alitembea kando yangu akinishika mkono. Tulipoingia tu kwenye njia ya reli, aliwaambia wote: "Asilale. Akifunga macho, mumuite. Mumuongeleshe."

Wakajaribu. Deo alijaribu mzaha, ukamfia mdomoni. Mwingine alianza wimbo wa kanisa, lakini ulikuwa wa matanga, wakamnyamazisha.

Ndipo baba akaanza kuongea.

Alikuwa mbele, anakata matawi ili yasinipige usoni, kwa hiyo sikumwona. Nilisikia panga, halafu sauti, halafu panga tena.

"Riziki, mwana wangu. Hapa njo baba yangu alibebaka reli. Batu wengi ku chuma moja, kama siafu. Bote ku bega. Kama moja anateleza, bote banaanguka."

Akakata tawi.

"Na ile reli inaangukia nani? Inaangukia wa katikati."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo niliyokuwa nayo, babu alikuwa anakaa wapi.

"Katikati. Alikuwa mufupi."

Nilicheka. Iliniuma hadi nikaona nyota mchana, lakini nilicheka, na wabebaji wakacheka nami, na Mama Janeti akafoka: "Papa, nilisema mumuongeleshe, sikusema mumuchekeshe!"

Sikuwahi kusikia lolote kati ya haya. Nilizaliwa hapa, nimekulia hapa, kila asubuhi ninapiga kile chuma watoto waingie darasani, na sikuwahi kuambiwa kwamba babu yangu alipanda nacho begani. Baba aliendelea. Alisimulia vibaya, bila mpangilio, anaruka mbele anarudi nyuma, kama mtu anayetoa vitu kwenye sanduku lililokaa limefungwa. Alisema chifu alitakiwa kutoa wanaume, na aliyekimbilia msituni walimshika mke wake hadi arudi. Alisema wanaume walikuja kutoka mbali, wengine kutoka Walikale, wakafa na baridi ya huku kwetu kwa sababu hawakuwa wameizoea. Alisema yeye mwenyewe alikuwa mtoto mdogo wakati vigari vinatembea, na sauti ya magurudumu ilikuwa inafika hadi nyumbani.

"Balikuwa banalipwa?" aliuliza mmoja wa vijana waliokuwa wananibeba.

"Kwanza fimbo. Mushahara ilikuja nyuma. Chumvi, na nguo moja."

Tulifika mahali ambapo mlima umepasuliwa kupisha njia. Mwamba kushoto, mwamba kulia, na juu yangu utepe mwembamba wa mbingu nyeupe. Maji yalidondoka usoni mwangu, baridi. Niliona kwenye jiwe alama za sururu, moja kando ya nyingine, nyingi sana, karibu kabisa na macho yangu. Kila alama ni mkono wa mtu ulioinuka na kushuka. Na kipoyi hakikutikisika. Nilikuwa ninapita katikati ya mlima wa Masisi kama maji yanavyopita kwenye mfereji.

"Papa, mbona iko sawa hivi?" nilimuuliza.

Panga lilinyamaza kidogo.

"Kigari kikijaa mawe, mutelemuko mudogo tu inakikimbiza. Mukubwa, inakiondosha njiani. Basi balilazimisha batu bakate mulima wote, mupaka njia ikuwe sawa. Mawe isimwangike." Akavuta pumzi. "Ile yote balifanya juu ya mawe, mwana wangu. Sasa njo wewe unapita. Usilale."

Sikulala.

Kisha tukafika mtoni.

Pale kuna korongo, si pana, lakini ni refu kwenda chini, na mto wake wakati wa mvua ni mweusi na una kelele. Daraja la reli lilikuwa na nguzo za mawe, na juu yake reli mbili ambazo hakuna aliyeweza kuzing'oa. Mbao za katikati zilioza zamani. Wachache wanaovuka pale wanashika kamba na kutembea kiubavu juu ya chuma kimoja. Wenye kipoyi hawawezi.

Waliniweka chini. Hicho ndicho nilichoogopa tangu mwanzo, kuwekwa chini. Nilisikia wanaume wanabishana: tushuke korongoni, hapana maji yamejaa, tukate miti, itachukua hadi mchana. Mama Janeti alikuwa anabadilisha vitambaa chini yangu wala hakuwa ananitazama tena usoni. Nilielewa. Na nitaandika hili pia: pale chini kwenye majani niliacha kujiombea. Niliomba mtoto tu. Nilimwambia Mungu kwamba mimi nimekubali, na nilipomwambia hivyo nilikuwa nimekubali kweli.

Ng'ambo ya mto ni upande wa wafugaji. Sisi ni wakulima. Kila msimu kuna kesi ya ng'ombe walioingia kwenye maharagwe ya watu, na kila msimu wazee wa pande zote mbili wanakaa, wanakasirika, wanasameheana nusu. Deo alipoona mtu upande ule, hakufikiria kesi. Alipiga kelele hadi sauti ikapasuka.

Mtu yule alikuwa Mama Uwera, anayeuza maziwa. Alikuwa anashuka na mabidoni yake, madumu ya maziwa, kwenda soko la Karuba.

"Njo nani?" aliita, akiuliza ni nani huyo.

"Njo dada yangu, mwalimu! Ana mimba, damu inamalizika! Hatuna namna ya kuvuka!"

Deo alinisimulia baadaye kwamba mama yule alitua mabidoni pale pale njiani, akageuka, akapanda kilima mbio akipaza sauti kwa Kinyarwanda kwenda kwenye nyumba za juu. Deo alidhani ameogopa na kukimbia.

Alirudi na mlango kichwani.

Mlango wa nyumba yake. Bawaba zilikuwa bado zinaning'inia na misumari yake. Nyuma yake wanawe wawili walikuja na mwingine, na jirani zao na mwingine, na mzee mmoja akivuta wa nne kwenye nyasi. Milango minne. Wakailaza juu ya reli, mmoja mbele ya mwingine, wakaifunga kwa kamba za kufungia ng'ombe. Mmoja wa vijana wao aliuliza jambo kwa mama yake, nadhani kuhusu nyumba kubaki wazi, na yeye akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili sisi wote tusikie:

"Ile ni mbao! Mulango tutachonga ingine. Huyu tutamuchonga wapi?"

Baba alivuka wa kwanza, akakanyaga kwa nguvu kila ubao kuupima. Kisha Deo akashika mbele, mwingine nyuma, wawili tu, kwa sababu nafasi haikutosha wanne. Mama Janeti alifuata akiwa ameshika blanketi. Nilikuwa nimelala chali, sikuweza kuona kilicho chini yangu. Nilisikia mto, na nilisikia miguu yao juu ya mbao: kong, kong, kong, kama mgeni anayebisha hodi polepole.

Upande wa pili mikono mingi ilinipokea. Wafugaji waliingia kwenye kipoyi bila kuulizwa, wetu wakapumzisha mabega, na tukaendelea kwa njia ile ile ya reli hadi Karuba. Mama Uwera alinifunika na kitenge alichokuwa amejifunga mabegani. Kilikuwa kinanuka maziwa. Sijawahi kupenda harufu kama nilivyoipenda ile.

Mengine nayakumbuka vipande vipande. Gari la mtu aliyekuwa anapeleka kabichi, na kabichi zikitupwa barabarani bila mwenye gari kulalamika. Barabara ya kushuka ziwani. Kizuizi, na watu wenye silaha waliochungulia ndani, wakaona, wakainua kamba bila kuuliza chochote. Nawashukuru hata hao. Halafu taa nyeupe ya Kirotshe na daktari aliyeniambia nihesabu, nami nikaanza kuhesabu kama ninavyowahesabia watoto wangu wa darasa la tatu.

Nilipoamka kulikuwa na mtoto analia. Niliwaza, heri yake mama mwenye mtoto huyu.

Mama Janeti alikuwa ameketi kando ya kitanda, miguu yake imejaa matope hadi magotini. Akasema, "Muchukue basi. Ni wako."

Msichana. Faustin alipompata Deo kwenye simu, alisema aitwe Aksanti, kisha simu ikakatika, na hakungoja irudi. Alitoka Omate siku hiyo hiyo kwa miguu, akapanda pikipiki alipoipata, akafika Kirotshe na matope ya Walikale bado mwilini. Hasira yangu yote niliyokuwa nimemwekea iliisha alipojaribu kumshika mtoto na kuogopa, mtu yule anayeingia chini ya ardhi bila woga.

Sasa leo.

Kwetu mwanamke aliyepasuliwa hapandi milima haraka, kwa hiyo nilingoja hadi Mama Janeti aniruhusu. Asubuhi tulitoka: mimi, Aksanti mgongoni, Faustin na baba. Tulibeba maharagwe, jogoo, na kitenge kipya cha Mama Uwera. Nikasema tupite njia ya reli. Nilitaka kuiona nikiwa nimesimama.

Ni njia nzuri. Inanipa shida kuandika hivyo, nikijua ilivyotengenezwa, lakini ni kweli. Kuna mahali ukuta wa mawe umeshikilia mlima bila saruji, na haujatikisika miaka yote hii. Kuna vyuma vilivyolala kwa upana, vile vilivyokuwa vinabeba reli, vimechomoza kwenye udongo kama ngazi. Niliweka mkono kwenye zile alama za sururu. Faustin naye aliweka wake. Yeye anajua mwamba. Alikaa pale muda mrefu, akasema, "Hii jiwe ni nguvu. Hawa batu waliteseka." Kisha akavua kofia.

Tulipofika mtoni nilisimama.

Milango ilikuwa bado iko pale.

Yote minne, juu ya reli, imefungwa kwa kamba mpya. Mmoja ulikuwa na rangi ya bluu. Matope ya miguu mingi yalikuwa yamekauka juu yake. Nilivuka nikiwa na mtoto mgongoni, na sauti ikawa ile ile. Sikuangalia chini.

Mama Uwera alikuwa anaosha mabidoni mbele ya nyumba. Mlangoni mwake palikuwa pananing'inia shuka, na bati limeegemezwa kando, la kuziba upepo. Nyumba ya jirani ilikuwa na turubai la plastiki. Sisi sote tunajua baridi ya huku juu.

Alipotuona aliacha kila kitu. Hakunisalimu mimi kwanza. Alimtoa Aksanti mgongoni kwangu kama mtu anayechukua kitu chake, akamfunua uso, akamtazama, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Njo huyu," alikuwa anasema. "Njo huyu alipita ku mulango yangu."

Tulikaa. Tulikunywa maziwa. Baba alitoa jogoo na maneno machache. Faustin ndiye aliyeuliza.

"Mama, sababu gani milango haikurudi ku nyumba?"

Alionekana kuona haya, kana kwamba tumemkuta na kosa.

"Nilienda kuondosha yangu ile kesho yake," alisema. "Nikakuta mama moja wa kwenu anavuka na mutoto mugonjwa ku mugongo, anaenda Karuba kutafuta dawa. Nikasema nitarudi kesho. Kesho yake nikakuta banafunzi. Siku ingine, muzee na mbegu zake. Kila siku kuko mutu." Akainua mabega. "Jirani zangu nabo balisema, acha kwanza. Basi tukaacha kwanza."

Miezi miwili. Walilala miezi miwili nyuma ya shuka katika baridi ya Masisi, kwa sababu kila siku kulikuwa na mtu.

Mimi, mwalimu, ninayewafundisha watoto wa watu kusema asante, nilikaa na kikombe mkononi na machozi yananidondokea kwenye maziwa.

Faustin alisimama, akaenda mlangoni, akapima nafasi kwa mikono yake, wima na mapana. Kisha akashuka peke yake hadi darajani. Tulimwona kutoka juu akipiga magoti, akagusa reli, akagonga nguzo za mawe, akatazama chini yake kama anavyotazama shimo kabla ya kuruhusu watu waingie. Alirudi na uso wa kazi.

"Chuma iko muzima," alisema. "Inaweza kubeba hata ng'ombe. Inaomba mbao ya nguvu tu, na parapara kandokando, ya kushika. Papa, ile mikalatusi yako ya juu iko imekomaa?"

"Iko," baba alisema. "Kata."

"Na banangu bako na mabega," Mama Uwera alisema. "Bataibeba."

Mambo yakaisha hapo, bila kikao cha wazee, bila mtu kutaja maharagwe wala ng'ombe. Lundi, yaani Jumatatu, Faustin na Deo wanaanza kupasua mbao. Vijana wa ng'ambo watakuja kuzibeba. Daraja likipata mbao zake, milango minne inarudi nyumbani, na Faustin amesema ataikaza yeye mwenyewe na bawaba mpya. Omate itangoja. Hakuniambia mimi hivyo. Alimwambia Aksanti, akidhani sisikii.

Tulianza kurudi kabla ukungu haujaziba njia.

Sehemu moja njia inapinda kwa ghafla, chini yake kuna bonde. Baba alikuwa mbele, kama siku ile, ila bila panga. Alisimama. Tulidhani amechoka. Akaketi kwenye ukuta wa mawe, akaniomba mtoto, nikampa.

"Siku ile nilikusimulia yote," alisema, "ila hapa nilipita kimya. Uliona?"

Nikamwambia sikuona. Siku ile niliona mbingu tu.

Akanieleza. Alikuwa na kaka mkubwa. Kijana yule alikuwa na kazi ya kusimama nyuma ya kigari kilichojaa madini na kushika breki kikishuka. Baba, akiwa mtoto, alikuwa anatumwa kumpelekea viazi vitamu hapa kwenye kona, kwa sababu hapa vigari vilipunguza mwendo na kaka yake aliweza kunyoosha mkono na kupokea. Siku moja breki ilikatika. Baba alikuwa amesimama hapa hapa, na viazi mkononi, ameinua mkono.

"Alinipigia kelele nitoke," alisema. "Alikuwa na nafasi ya kuruka. Alibaki juu, anavuta ile breki kwa nguvu yote, sababu mimi nilikuwa njiani. Nikaruka. Yeye hakuruka."

Walimzika, na siku iliyofuata vigari vilipita kama kawaida. Mama yake hakutaka tena jina lile litajwe nyumbani, maana kila likitajwa alikuwa anaacha kula. Watoto wakazoea kutolitaja. Wakawa wakubwa, wakawa wazee, na sasa amebaki baba peke yake anayelijua.

Nikamuuliza.

Alimtazama mtoto, kisha akalisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita ndugu yake aje kula.

Kibira.

Ninaliandika hapa kwa sababu halijaandikwa mahali pengine popote. Hakuna jiwe lenye jina lake, na kama kampuni ilikuwa na karatasi zake, ziliondoka nayo. Kibira, kaka wa baba yangu, alivuta breki.

Baba amelala sasa. Amelala mapema kama mtu aliyetua mzigo. Faustin yuko jikoni anatafuta jiwe la kunolea. Aksanti ananyonya huku ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnisamehe makosa.

Kesho ni zamu yangu kusimama mbele ya kanisa kutoa shukrani. Mchungaji ameniambia nijitayarishe. Tangu jioni ninapanga maneno: Mama Janeti, Deo na wabebaji, mtu wa kabichi, daktari wa Kirotshe, Mama Uwera ambaye nimemwomba aje na ameahidi kuja. Kila nikiyapanga naona hayaanzii mahali panapofaa. Bila baba mimi nisingekuwepo, wala huyu anayeninyonya sasa hivi.

Basi nimeamua. Kanisa lote litauliza ni nani huyo, na baba atakuwa ameketi mbele, na hataweza kukaa kimya.

Nitaanza na Kibira.